Maneno Niliyoyameza Mahakamani

Nilikuwa mkalimani wa mahakama kwa siku nne tu maishani mwangu. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa darasa la tano katika shule moja pale Nkende, na baada ya hapo nikarudi kufundisha hadi nilipostaafu. Miaka yote ile ya chaki nimeisahau nusu. Zile siku nne nazikumbuka zote, pamoja na harufu yake.

Watu wakibishana kama ni haki serikali kumnyonga muuaji, mimi hunyamaza. Wanadhani sina msimamo. Ninao, ila siwezi kuusema bila kueleza kwanza nilivyoupata, na maelezo yenyewe yananitia aibu mbele ya wajukuu. Kuandika ni nafuu kidogo.

Kwetu ni upande wa Nyanungu. Operesheni ya kuhamia vijijini ilipotufikia, watu waliondolewa kwenye miji yao ya vilimani, ambako kila ukoo ulikuwa na boma lake na nafasi yake, wakapangwa kwa mistari kwenye uwanda mmoja. Nyumba zilisogeleana kiasi kwamba ukipiga chafya jirani anakuombea afya. Kisima kilikuwa kimoja. Mvua za kwanza zilipokatika, surua ikaingia. Iliingia nyumba ya kwanza ya mstari ikatembea mlango hadi mlango, kama mtu anayeandikisha wanachama. Kila nilipokwenda nyumbani mwisho wa juma nilikuta vilima vidogo vya udongo vimeongezeka nyuma ya nyumba.

Mwisho wa mstari wetu, karibu na kisima, alikaa bibi mmoja mjane. Hakuwa na mtoto wa kiume. Binti yake pekee alikuwa ameolewa Susuni. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi, kama ya vikongwe wengine wote wanaopikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Alijua mizizi. Nilipokuwa mdogo aliniponya jino kwa kipande cha gome, nikalala usingizi mzuri baada ya siku tatu za kulia. Sasa kila mwanamke aliyekwenda kuchota maji alipita mlangoni pake, na yeye alimuuliza kila mmoja swali lile lile: "Mtoto anaendeleaje?"

Swali hilo ndilo lililomuua. Watu walianza kusema kwamba bibi anafuatilia kazi yake.

Jumapili moja ya likizo nilikuwa nyumbani. Wazee walikutana uani kwa baba yangu, ambaye alikuwa balozi wa nyumba kumi. Chungu cha pombe ya mtama kilikuwa katikati, na mirija mirefu ikizunguka kutoka mdomo hadi mdomo. Mimi nilikaa ukutani nikipaka mafuta mnyororo wa baiskeli. Walikuwa watu kumi na mmoja. Wa kumi na moja alikuwa mtu ambaye kwa ukoo ni kaka yangu, fundi wa kusuka maghala ya mtama, mpole, mwenye mikono mikubwa isiyojua pa kukaa anapokuwa hana kazi. Alikuwa amezika watoto wawili katika juma moja. Wa tatu, msichana, alikuwa amelala na homa.

"Tangu tuhamie hapa hatujapumzika na majembe ya kaburi," alisema mzee mmoja.

"Na wa kwake wako wapi? Yeye mbona hafiwi?" akauliza mwingine.

"Hana watoto wadogo," nilisema.

Walinigeukia wote. Baba akasema, "Mwalimu, tengeneza baiskeli yako."

Nikatengeneza. Chuoni nilikuwa nimefundishwa surua ni nini na inaambukizwaje. Ningeweza kusimama nikaeleza hata kwa kuchora kwenye udongo. Sikusimama.

Hakuna aliyetamka neno kuua. Hilo nataka lieleweke, maana baadaye wote waliapa kwamba halikutamkwa, na kwa neno lenyewe walikuwa wakweli. Walizungumza wakizunguka, wakivuta pombe, hadi baba alipomtazama fundi akasema, "Aliyefiwa anajua la kufanya. Sisi hatutamzuia." Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka na panga jipya lililokuwa limenunuliwa duka la kijiji, akalilaza chini karibu na mguu wa yule fundi. Akarudi kwenye kigoda chake, akaomba mrija.

Jumanne asubuhi bibi alikutwa katika shamba lake la mihogo. Mgambo walinifuata kwa kuwa nilikuwa na kalamu, walitaka mtu wa kuandika majina ya walioufikia mwili kwanza. Sitaeleza alivyokuwa. Nitasema tu kwamba nzi walikuwa wametutangulia, na kwamba mkono wake mmoja ulikuwa bado umeshika shina la muhogo, nao haukuwa karibu na mwili. Nilitapika juu ya majani. Watu wakacheka, wakasema mwalimu ana tumbo la mtoto mchanga. Walikuwa wamesimama wengi, wengine wanatafuna miwa.

Kabla ya saa sita mchana, sufuria za bibi zilikuwa zimeshatoweka. Ngozi aliyolalia ikatoweka. Jioni nilipoingia jikoni kwetu nilimkuta kuku wake mweupe amefungwa mguu kwenye nguzo, na mama yangu anamchemshia maji ya kumnyonyolea. Nikamuuliza kuku ametoka wapi. Akasema, "Alikuwa anazurura tu."

Polisi walipofika walimkuta fundi amekaa nje ya nyumba yake, panga liko mapajani, halijaoshwa. Akasema, "Ni mimi." Wakawauliza wengine, mmoja mmoja, kama kulikuwa na mazungumzo yoyote kuhusu yule bibi. Hakukuwa na mazungumzo. Waliniuliza na mimi. Nikasema mimi nafanya kazi Nkende, nyumbani huja mara moja moja.

Yule msichana wa fundi akapona. Kijijini wakasema, "Si mliona?" Wauguzi walikuja na sindano za chanjo wiki chache baadaye, lakini hakuna aliyewashukuru kwa surua kuisha. Shukrani zilikuwa zimeshakwenda kwingine.

Zaidi ya mwaka mmoja ulipita. Jaji akaja mjini Tarime kusikiliza kesi za mauaji. Mkalimani wa siku zote alikuwa mgonjwa, wakatafuta mtu mwenye Kiswahili safi na Kikurya cha kuzaliwa nacho, na mkuu wangu wa shule akanitaja mimi. Nilipofika mahakamani, karani aliniuliza kama namfahamu mshtakiwa.

"Namfahamu kwa sura," nikasema.

"Mna undugu?"

"Hapana."

Nikashika Biblia, nikaapa kutafsiri kwa uaminifu bila kuongeza wala kupunguza.

Kazi ilikuwa ya ngazi mbili. Jaji alisema kwa Kiingereza na kuandika kwa Kiingereza. Karani aligeuza Kiingereza kuwa Kiswahili. Mimi niligeuza Kiswahili kuwa Kikurya, nikainama karibu na kizimba ambamo fundi alisimama na katambuga zake za matairi na shati la kuazima lililombana mabegani. Majibu yake yalipanda ngazi hizo hizo kurudi juu. Jaji alikuwa mtu wa mkoa mwingine, wakili aliyepewa na serikali alikuwa wa mkoa mwingine, polisi vile vile. Waliojua Kikurya ndani ya chumba kile walikuwa mimi, mshtakiwa, na watu wa kijiji chetu waliojaza mabenchi ya nyuma kana kwamba wamekuja harusini. Wake zao walikuwa wamewafungashia viazi. Siku nne nilinusa viazi vya kuchemsha, jasho, na mafuta ya ng'ombe waliyojipaka.

Mashahidi walikuwa hao hao. Baba yangu alipanda kama balozi. Ilinibidi nimtafsirie. Akaulizwa kijiji chake kina tabia gani.

"Kijiji chetu ni cha amani," alisema kwa Kikurya, huku ananitazama mimi. "Tuliishi na yule bibi kama mama yetu."

Nikasema kwa Kiswahili, "Kijiji chetu ni cha amani. Tuliishi na yule bibi kama mama yetu." Karani akasema kwa Kiingereza. Jaji akaandika. Niliuona wino ukikauka.

Nilikuwa najiuliza kwa nini fundi hasemi. Jibu nililipata siku ya tatu, wakati wa mapumziko, nilipokaa naye na wakili kwenye chumba kidogo. Wakili alimuuliza kama kuna mtu aliyemtuma. Fundi akanigeukia. Kisha akaniambia mimi kwa Kikurya, taratibu kama anayenituliza, "Wazee wameshaniambia. Nitafungwa miaka michache nitarudi. Wanalima shamba langu. Usiwe na wasiwasi, mdogo wangu."

"Anasemaje?" wakili akauliza.

"Anasema hakuna aliyemtuma."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Na ilikuwa rahisi, hilo ndilo linalonitia kinyaa hadi leo. Ulimi haukukwama.

Siku ya nne wazee wa baraza walitoa maoni yao, na jaji akasoma hukumu kwa muda mrefu, karani anatafsiri vipande vipande, nami navishusha kizimbani. Alipatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia. Fundi akatikisa kichwa kukubali. Wakili akasimama kama inavyotakiwa, akasema hana la kuomba, kwa kuwa sheria ina adhabu moja tu kwa kosa hilo. Akaketi, akaanza kupanga makaratasi yake.

Nikatafsiri.

Fundi akaniuliza, "Adhabu moja ipi?"

Katika lugha yetu kuna maneno mengi ya kufa. Yapo ya mtu anayekufa mzee na yapo ya anayekufa vitani, na yapo ya mnyama anayekabwa. Nilitafuta la mtu anayenyongwa, sikulipata. Nikamwambia kwa lile la mnyama.

Hakulia. Mikono yake ilishika mbao za kizimba, ikaachia, ikashika tena. Jaji akauliza kama mshtakiwa ana neno lolote kabla hajatoa adhabu. Nikalishusha swali. Fundi akageuka nyuma, akatazama mabenchi, uso kwa uso, hadi akamwona baba yangu. Kisha akamgeukia jaji, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia:

"Mimi nimeua. Sikatai. Lakini siku tuliyokubaliana afe sikukaa peke yangu. Tulikaa watu kumi na mmoja tukinywa pombe, na wengi wao wako hapa nyuma yangu wanakula viazi. Waliniambia nikinyamaza nitarudi nyumbani. Panga silo langu. Alinipa baba yake huyu anayesimama hapa kutafsiri, na huyu mwenyewe alikuwepo, ameshika mnyororo wa baiskeli. Muulize."

Niliyasikia matumbo ya mtu fulani yakinguruma. Wote kule nyuma walikuwa wamesikia na wananitazama. Karani alikuwa na kalamu juu, ananisubiri.

Nikasema, "Anasema amekosa. Anaomba huruma."

Karani akayasema kwa Kiingereza. Jaji akaandika mstari mmoja.

Fundi hakujua Kiswahili, lakini hakuwa mjinga. Akaniambia, "Mimi nimesema mengi. Mbona wewe umesema machache?"

"Anasema nini tena?" jaji aliuliza kupitia karani.

"Anauliza kama amesikika."

"Mwambie amesikika."

Nikainama pale kizimbani, karibu kabisa, nikanusa hofu yake, maana hofu ina harufu, na ni mbaya kuliko ya nzi wa shambani. Nikamwambia, "Jaji anasema amekusikia."

Basi akaamini. Niliiona imani ikimwingia usoni, kitu kama nafuu, na alikuwa bado nayo jaji alipotamka kwamba atanyongwa hadi afe.

Nje ya mahakama watu wa kijiji walinizunguka. Hakuna aliyesema kitu cha maana. Walinishika mkono, mmoja baada ya mwingine, kwa mikono yao miwili, kama wanavyomshika mzee. Wenye umri wa baba yangu ndio waliotangulia. Baba alikuja mwisho. Akaniambia, "Mura, kijana wangu, leo umekuwa mtu mzima."

Binti wa marehemu, yule wa Susuni, alikuwa amesimama kando na kanga imefungwa kiunoni. Siku zote nne alikuja peke yake. Nilimwendea kumpa pole, ndivyo nilivyojidanganya, nikamwambia mama yake sasa amepata haki.

Akanitazama toka chini hadi juu.

"Mmoja?" akasema. "Mama yangu aliuliwa na kijiji kizima, mnanitolea mmoja? Kama kamba ndiyo haki, basi kamba ni fupi. Ingepaswa iwatoshe wote, na wewe ukiwemo. Na kama haiwezi kuwatosha wote, basi hicho mlichofanya humo ndani ni nini?"

Akatema mate chini, si juu yangu lakini karibu, akaondoka kwa miguu kuelekea stendi. Sijawahi kusikia hoja juu ya adhabu ya kifo iliyozidi ile, na nimesikia nyingi kutoka kwa watu wenye vyeti.

Jumamosi iliyofuata nilipokwenda nyumbani, walikuwa wamechinja. Wazee walituma paja zima kwa ajili yangu, limefunikwa majani ya mgomba. "Mwalimu ametusaidia," ndivyo alivyosema aliyelileta. Ningependa kuandika kwamba nililikataa. Mama alilipika kwa chumvi na maziwa, nikala, likawa tamu. Nikaongeza. Ni baadaye nikiwa nanawa mikono ndipo mafuta yaliyoganda vidoleni yalipogoma kutoka, nikasugua kwa majivu, nikasugua kwa mchanga hadi ngozi ikachubuka, huku mama ananiuliza kama nimerukwa na akili.

Wakati wa kupalilia, mke wa fundi alikuja Nkende. Alisimama nje ya darasa langu hadi kengele ilipolia. Alikuwa amekonda. Mtu aliyeahidi kulima shamba lao alikuwa amelilima kweli, kwa mbegu zake mwenyewe na kwa ajili yake mwenyewe.

"Shemeji," alisema, "nimesikia mtu anaweza kumwandikia Rais amhurumie. Wewe ndiye unayejua kuandika."

Tukakaa kwenye dawati la mbele. Nikachukua karatasi. Alizungumza kwa Kikurya, nami nikaandika kwa Kiswahili, mkalimani tena. Alitaja watoto waliokufa, na yule aliyepona. Kisha akaweka kidole juu ya karatasi.

"Sasa andika na yale uliyoyaacha."

Sikuweza kumtazama.

"Nilikuwepo mahakamani," akasema. "Tulikuwepo wote. Andika watu kumi na mmoja. Andika panga lilitoka kwa nani. Sikuja kukutukana, shemeji. Nimekuja uandike."

Niliandika: *Watu wengine pia walikuwa na hasira na marehemu.* Hayo tu. Mkono uliandika wenyewe, kwa mwandiko mzuri ninaofundishia watoto.

"Umeandika majina?" aliuliza.

"Nimeandika."

"Na la mzee wako?"

"Na lake."

Hakujua kusoma. Aliipapasa karatasi kwa kiganja kama mtu anayepapasa paji la mtoto mgonjwa, akaweka dole gumba kwenye wino, akalibandika mahali nilipomwonyesha. Barua niliipeleka posta mwenyewe. Sijui ilifika mezani kwa nani. Hata kama aliisoma mtu mwenye huruma kuliko wote nchini, hakukuwa na kitu ndani yake cha kumsaidia.

Tulisubiri. Rufaa ilishindwa. Fundi alihamishiwa gereza la mbali, na miaka ikapita bila neno. Mkewe alijikusanyia nauli ya mabasi na treni, akasafiri na gunia la karanga alizozikaanga kwa ajili ya mumewe. Getini waliangalia katika daftari wakamwambia kwa upole kwamba mtu huyo hayupo tena. Akauliza amehamishwa wapi. Wakarudia kwamba hayupo tena. Ikawabidi warudie mara tatu. Hakupewa mwili, kwa kuwa wanaonyongwa huzikwa huko huko. Alirudi na gunia lake lile lile, karanga zimeota ukungu njiani, akazimwaga kwenye takataka za kijiji mbele ya watu. Kuku wa kila nyumba walikuja wakala.

Nimefikiri sana juu ya kamba ile. Wanaoitetea husema inawatisha wauaji. Mimi nilikuwa miongoni mwa wauaji, naweza kusema ilitutisha vipi. Haikutuzuia kumuua bibi, kwa sababu siku ile uani hakuna aliyeikumbuka. Tuliikumbuka baadaye, ilipofika wakati wa kusema kweli. Kama adhabu ingekuwa kifungo, huenda ningelitaja panga la baba yangu. Ningempelekea sabuni na tumbaku gerezani, nikaomba msamaha kila mwezi. Lakini kulitaja lile panga kulikuwa ni kumpeleka baba kwenye kitanzi kwa ulimi wangu mwenyewe. Nikachagua shingo ya mwingine. Na alipokwisha kunyongwa, sisi tuliobaki tukawa safi. Hakuna aliyetuuliza tena. Deni lote la damu lilikuwa limewekwa juu ya mwili mmoja na kufukiwa mbali, mahali tusipopajua. Nalia kwa hasira nikilifikiria hilo: kwamba tulioga kwa damu ya watu wawili, na serikali ndiyo iliyotumwagia maji.

Wala sisemi fundi alikuwa mtu wa kuonewa huruma tu. Nimeuona ule mkono kwenye shina la muhogo. Aliyeukata hakutakiwa kurudi kusuka maghala kana kwamba amekata mti. Kila nikijaribu kumhurumia, mkono ule unanirudia, nachafukwa. Lakini nikijaribu kufurahia kunyongwa kwake, narudiwa na uso wake alipoamini kwamba amesikika, nachafukwa zaidi.

Baba alifariki akiwa mzee sana. Kanisa lilijaa. Walinipa nisome wasifu wake, nami nikausoma, ukiwemo mstari unaosema alikuwa mzee wa amani aliyeunganisha kijiji. Watu waliitikia kwa kichwa. Kati ya wale kumi na mmoja walikuwa wamebaki watatu, wamekaa mstari wa mbele, meno yameisha.

Mwaka ule ule wa msiba nilipanda basi kwenda Serengeti. Nilikuwa nimesikia kwamba mke wa fundi alihamia kwa ndugu zake, kijiji kimoja ng'ambo ya Mugumu. Nilimkuta shambani, anapalilia ulezi pamoja na mwanamke jirani. Alikuwa mzee sasa, mgongo umepinda, lakini jembe lake lilikwenda haraka.

"Habari za siku nyingi, shemeji," nikasema.

"Nzuri," akajibu bila kusimama.

Nikamwambia pale pale, nimesimama kwenye tuta, maana nilijua nikikaa sitasema. Nikamwambia ile barua haikuwa na majina. Nikamwambia niliandika sentensi moja isiyo na maana, na kwamba alipoweka dole gumba, aliliweka juu ya uongo wangu.

Jembe lilisimama. Akanitazama miguuni.

"Sasa unaniambia ili nifanye nini?" aliuliza.

Nikashuka kwenye tuta.

"Umebeba miaka yote hii, umechoka, umekuja kuniwekea mimi," akasema. "Mimi nina shamba."

Akaendelea kupalilia. Nilibaki pale, jua linapanda. Katika nchi ile mgeni hata akiwa adui hupewa maji, na kibuyu kilikuwa kivulini hatua tano tu kutoka tulipokuwa. Hakukigusa wala hakukitazama. Nilipoona amefika mwisho wa tuta na ananipa mgongo kuanza lingine, nikageuka kuondoka.

Nyuma yangu nilimsikia yule jirani akimuuliza ni nani yule.

"Mwalimu mmoja," akasema. "Amepotea njia."